Mke wa Tatu wa Marehemu Mwanamfalme

Haya, sogeeni. Wiki iliyopita mliniacha nimesimama sebuleni kwa watu na trei mkononi, na bado nimesimama pale pale. Kwa mliochelewa nafupisha, maana habari yenyewe inaniwasha ulimi.

Naitwa Vaileth. Nimemaliza chuo hapa Marekani, Fairfax, digrii ya saikolojia, nakaa Springfield kwa mama mdogo Leokadia. Kazi niliyoipata na digrii yangu ni kushinda na mabibi wawili wa Kiajemi huko Great Falls, niwapikie chai, niwape dawa, niwaamulie ugomvi.

Hao mabibi ni wajane wa mume mmoja. Marehemu alikuwa mwanamfalme wa ule ufalme wa zamani uliopinduliwa na ufalme mwingine, ambao nao baadaye ukapinduliwa. Ukiwaona wanavyogombania rimoti ya tivii utaelewa kwa nini hiyo familia haikudumu madarakani.

Bibi Mkubwa ni Mahlagha, mke wa kwanza. Bibi Mdogo ni Touran, aliyeletwa juu yake. Wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja, na tangu mzee afariki hawajawahi kusemeshana. Wanaongea kupitia mimi.

"Vaileth, mwambie yule mwanamke anisogezee chumvi."

"Vaileth, mwambie mikono anayo."

Chumvi yenyewe iko katikati yao.

Na cha mwisho mnachotakiwa kujua ni Kipkemboi. Mkenya, wa Eldoret, anakaa Woodbridge, anakuja kuwafanyisha mabibi mazoezi ya magoti. Mrefu, mpole, ananukia sabuni. Nampenda. Nalisema mapema ili baadaye mtu asijifanye hakujua nilikuwa naumia nini.

Sasa. Nilikuwa nimeleta chai, Bibi Mkubwa akanikuta nimekodolea macho picha ya marehemu ukutani, ile yenye masharubu kama usukani wa baiskeli. Akaniuliza naangalia nini.

Kwetu Singida bibi na mjukuu ni watani. Bibi yangu alikuwa ananiita mke mwenza mpaka anaingia kaburini, na babu akirudi na karanga tunagombania nani agawiwe kwanza. Hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo mdomo ukanitoka wenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa:

"Namwangalia mume wetu. Wewe mke mwenzangu hujamfuta vumbi wiki nzima."

Kikombe cha Bibi Mkubwa kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Hapo ndipo tulipoishia.

Nilijua kazi imekwisha. Nikaanza kutafuta kwa macho nilipoweka koti langu.

Bibi akashusha kikombe. Akanipima kuanzia viatu hadi nywele. Halafu akacheka mpaka meno ya bandia yakalegea, ikabidi ayashike kwa kidole.

"Rudia," akasema. "Kwenu mjukuu ni mke mwenza?"

"Wa utani, Bibi."

"Hakuna mke mwenza wa utani," akasema. "Keti."

Akanionyesha kile kiti cha karibu na birika la shaba, lile lenye bomba, ambacho mbwa akikikalia anafukuzwa. Nikakaa. Akanihadithia habari za jumba la kifalme alilosimuliwa na mama yake. Mbele, ukumbini, wanaume na medali zao wanabishana habari za mizinga. Nyuma, kwa wanawake, wanakunywa chai wanapanga nani aoe nani na nani apewe mkoa gani.

"Babu yangu alikuwa anatoka kwa wanawake asubuhi keshaamua jambo," akasema, "na anadhani kaamua mwenyewe. Alikufa na furaha sana."

Mimi nacheka tu. Sikujua naandaliwa.

Kesho yake mchana, mezani, Bibi Mkubwa akapangusa mdomo.

"Vaileth, mwambie yule mwanamke kwamba wake wa marehemu sasa tuko watatu."

Nikapeleka ujumbe.

"Mwulize wa tatu ni nani," akasema Bibi Mdogo.

"Mwambie ni wewe."

Jamani, ikabidi nijitangaze mwenyewe. "Bibi Mdogo, naambiwa nikuambie kwamba wa tatu ni mimi."

Bibi Mdogo akatafuna. Nikavuta kiti nyuma kidogo, kwa usalama. Akameza.

"Mwambie ni sawa," akasema. "Marehemu alikuwa anapenda warefu. Ila asisahau utaratibu wa mama mkwe. Mke mdogo ndiye anasema wa mwisho."

Kwa mara ya kwanza nikawaona wanaangaliana usoni, na wote wawili wanatabasamu. Nilitakiwa nikimbie pale pale.

Aliyenifungua macho ni Golnaz. Golnaz ni mjukuu wao, mwanasheria, damu ya Bibi Mdogo lakini kalelewa na Bibi Mkubwa, kwa hiyo kila mmoja anavuta mkono wake. Alinifuata kwenye chumba cha kufulia, akafunga mlango, akakaa juu ya mashine.

"Vaileth jan," akaanza. Hiyo jan ni kama kusema mpenzi. Mtu akikuita hivyo ujue ana shida. "Unajua wamekupa nini?"

"Kiti?"

"Kura."

Akanieleza. Katika ukoo wao binti haolewi mpaka wake wa nyumba wakae naye chai. Mke anayekubali anaweka kipande cha sukari kwenye kisahani cha binti. Asiyekubali anafunika sukari yake kwa mkono. Golnaz kapata mtu. Bibi Mkubwa anamtaka daktari wa meno wa Potomac ambaye bibi yake mzaa bibi alikuwa ndugu wa malkia. Bibi Mdogo anamtaka yeyote ambaye Bibi Mkubwa hamtaki. Mmoja anaweka, mmoja anafunika, chai inapoa. Miaka miwili sasa.

"Si mwende bomani tu?" nikasema. "Manassas pale mnafunga ndoa mnarudi kula mchana."

"Nikienda bomani, mmoja wao hatanisemesha mpaka afe," akasema Golnaz. "Unawajua. Wanaweza. Hawa ndio mama zangu, Vaileth. Nataka wote wawili wawe wameshika kile kitambaa cha harusi juu ya kichwa changu."

Macho yakamjaa. Mimi mtu akilia nalia.

"Bibi Mkubwa kakuweka kwa sababu anaamini utamfuata yeye," akasema. "Jumamosi huyo mtu wangu anakuja. Nikuambie ni nani?"

"Usiniambie jina," nikasema, nimejaa hekima ya ghafla. "Nataka kura yangu iwe safi. Ni mtu mzuri?"

"Bibi akiwa anavaa viatu, anainama anamfunga kamba bila kuambiwa."

"Anakaa wapi?"

"Woodbridge."

Woodbridge kuna watu wengi, nikajisemea.

Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Mimi na saikolojia yangu sikuelewa. Nikamshika mikono, nikamwapia kwa bibi yangu wa Singida, yule yule wa mke mwenza, kwamba sukari yangu ni ya kwake.

Baada ya hapo nikaanza kuishi kama malkia, niseme ukweli. Bibi Mdogo akapika wali wao ule wa zafarani, akaugeuza sufuria, ukatoka na ukoko wa dhahabu mzima kama keki. Kwetu ukoko ni wa watoto, mnakwangua sufuria mnapigana vijiko. Kwao ukoko ni siasa. Anaupata mwenye cheo. Siku hiyo Bibi Mdogo akampita mwenzake, akaniwekea wote mimi.

"Kula, mke mdogo," akasema. "Ujue nani anakupenda."

Kesho yake Bibi Mkubwa akanivalisha mtandio wake wa hariri na kuniruhusu kufungua bomba la birika. "Jumamosi utajua la kufanya na sukari yako," akasema. "Ukoko huwa unaisha."

Na siku hiyo hiyo, nakunja mikeka ya mazoezi, Kipkemboi akaja kusimama karibu yangu. Anazungusha kofia yake mikononi.

"Vaileth, Jumamosi utakuwa hapa?"

"Kwa nini?"

"Kuna kitu nataka kusema mbele ya hawa wazee. Nimeogopa sana, siwezi kudanganya. Lakini nikikuona hapo, roho itatulia."

"Nitakuwepo," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka.

Nikaendesha mpaka Springfield madirisha wazi, naimba. Pale kwenye makutano ya barabara kuu watu wanapigiana honi, mimi nawapungia.

Mama mdogo alikuwa amerudi zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikamwamkia, nikammwagia yote.

"Mbele ya wazee?" akasema. "We mtoto, hiyo ni posa."

"Ni posa, mama mdogo?"

"Mwanaume gani anaitisha wazee aongee habari za magoti." Akatoa mguu mmoja kwenye beseni. "Ila hebu rudi nyuma. Umesema wewe ni mke wa nani?"

Nikarudia.

"Yaani umekuwa mjane. Umri huu. Wa mzungu aliyekufa."

"Mwajemi, mama mdogo."

"Aliyekufa ni aliyekufa. Ukimaliza hilo jambo la Kipkemboi uwaambie wakupe talaka." Tayari alikuwa anaburuta kitenge kutoka kabatini, maji yanachuruzika kwenye zulia. "Jumamosi nipo na akina mama wa kanisa. Akisema tu, nipigie hapo hapo. Usisubiri ufike nyumbani, nina presha."

Kitenge kikashonwa. Jumamosi nikakivaa.

Chai ilipangwa kwenye ile meza ya duara chini ya picha ya marehemu na masharubu yake. Kila mke na kipande chake cha sukari mbele yake. Golnaz alikuwa bado juu anavaa. Kengele ikalia, nikaenda kufungua mwenyewe.

Kipkemboi. Suti ya bluu, maua mkono huu, boksi la peremende mkono huu.

"Umependeza, Vaileth," akasema.

"Karibu," nikasema, nikanyoosha mikono nipokee maua.

Hakuyatoa. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu. Golnaz anashuka ngazi, na Kipkemboi anamwangalia vile mimi ninavyoangalia ukoko.

Sitaki kuwaeleza nilivyojisikia. Fikirieni mtu amekaa, kiti kimeondolewa, lakini yeye bado hajafika chini.

"Huyu si wa magoti?" akasema Bibi Mkubwa.

"Ndiye, Bibi," akasema Golnaz.

"Kijana. Muda wote huo unaniinulia mguu, kumbe unanichukulia mjukuu."

"Mguu nilikuwa nainua kwa kazi, Bibi," akasema Kipkemboi. "Hii ingine ilikuja tu."

Bibi Mdogo akacheka kwa sauti. Yeye hakujali ni wa magoti au wa mabomba, alikuwa anaangalia uso wa mwenzake na kufurahia kama sinema.

Nikakimbilia jikoni eti nimesahau kisahani. Kipkemboi akanifuata kusaidia kubeba. Ndivyo alivyo, hata siku ya kukuua anakusaidia kubeba.

"Vaileth, nilidhani Golnaz alikuambia."

"Aliniambia ni mtu wa Woodbridge."

"Sasa huyo si ndio mimi." Akainama aniangalie. "Wewe ndio rafiki yangu hii nyumba. Ndio maana nikauliza kama utakuwa. Uko sawa? Macho yako imekuwa nyekundu."

"Vitunguu."

Akaangalia meza. Palikuwa na sukari na tende. Mungu ambariki, akachukua kisahani tu.

Tukakaa. Golnaz akaweka kisahani chake katikati ya meza.

Bibi Mkubwa akaanza, kwa ukubwa wake. Akaweka kiganja juu ya sukari, pete zote zinaangalia juu.

Bibi Mdogo hakungoja hata mkono utulie. Akadondosha kipande chake kisahanini, tii, akajiegemeza.

Wote wakanigeukia.

"Vaileth," akasema Bibi Mkubwa, "niwekee vizuri mto mgongoni."

Nikainama. Akanishika shingo kama anayebusu, akaninong'oneza.

"Nimeona unavyomwangalia tangu ulipoingia hapa. Funika sukari yako. Mwanaume asiyeoa leo, kesho yuko wapi? Bado yuko Woodbridge. Nitamsogeza kwako taratibu, kama anavyosogeza goti langu. Hii ndiyo kazi yetu sisi, binti. Nilikuwa sijapata mrithi."

Nikarudi kukaa. Nikachukua sukari yangu.

Nyie, nisiwadanganye, mkono ulianza kufunika. Nilikuwa nimeapa, ndiyo, lakini niliapa kabla ya suti ya bluu.

Halafu kandambili ya Bibi Mdogo ikamchomoka mguuni. Kipkemboi, jasho linamtoka, maisha yake yote yako kwenye ile meza, akainama akamrudishia bila hata kufikiri. Golnaz akamwona. Akatabasamu. Nikajua yeye alimpendea hicho hicho nilichompendea mimi, ila yeye aliona kwanza.

Nikamkumbuka bibi yangu. Bibi yangu alikuwa na mke mwenza wa kweli. Huyo mwenzake aliletwa akiwa msichana, akakaa nyumba ya pili, na mimi katika utoto wangu wote sikuwahi kuwasikia wakitaniana. Utani wote alinimalizia mimi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini, mpaka pale nimeshika kipande cha sukari chini ya masharubu ya mtu nisiyemjua, nikiwa karibu kabisa kuwa yule wa nyumba ya pili.

Nikaiachia sukari kisahanini.

Golnaz alinirukia shingoni akamwaga chai. Bibi Mdogo akapiga makofi, akageuka, na bila kupitia kwangu akasema:

"Mahlagha, umeshindwa."

Miaka yote ile, hilo ndilo neno la kwanza.

Bibi Mkubwa hakutikisika. Akafungua bomba, akajimiminia chai, akaweka sukari yake mwenyewe ndani, akakoroga.

"Touran," akasema, naye moja kwa moja, "umesahau. Nani anampeleka bibi harusi?"

Tabasamu la Bibi Mdogo likaanza kushuka. "Mke mdogo," akasema polepole.

"Wewe ulimpeleka wifi yetu kule Shiraz. Ukakaa kwake mpaka lini?"

"Mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa."

"Na tulikuwa tunajua kila kilichopikwa kwenye lile jiko." Bibi Mkubwa akanigeukia mimi, akapiga chai funda moja, akanikonyeza jicho. "Hongera, mke mdogo. Fungasha nguo."

Nikamwangalia Golnaz. Mwanasheria, kasoma, Mmarekani wa kuzaliwa hapa hapa, nikajua atalikataa.

"Akae na sisi?" akasema Golnaz, anafuta machozi. "Yaani nisiende peke yangu? Bibi, asante."

Nikamwangalia Kipkemboi.

"Chumba iko," akasema, anacheka kwa furaha, mpole vile vile. "Hiyo ya karibu na yetu."

Simu yangu ikaanza kulia kwenye mkoba. Mama mdogo. Nikaipokea kwa vidole vyenye sukari, nikagusa pabaya, sauti yake ikajaa sebule.

"Kasema?"

"Kasema, mama mdogo."

"Wazee je?"

"Wamekubali." Nilikuwa sina nguvu hata ya kupanga maneno. "Nahamia kwa Kipkemboi, Woodbridge."

Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa navuta pumzi niendelee. Lakini upande wa pili vigelegele vikapasuka, akina mama wote wa kanisa kwa pamoja, mpaka vikombe vikaimba mezani na Kipkemboi akageuza kichwa, kwa sababu jina lake alilisikia.

"Hiyo ni sauti gani?" akauliza Bibi Mkubwa.

"Ni mama yangu mdogo," nikasema. "Anashangilia harusi."

Uso wake ukang'aa kama wa mtoto. Akavuta simu karibu, akasema kwa Kiingereza chake cha kifalme, taratibu, neno kwa neno: "Mama, njoo. Njoo sasa. Lete na hao wote."

Na mama mdogo Leokadia, ambaye Kiingereza huwa anakielewa akitaka, akajibu kwamba wameshaingia kwenye gari, mchungaji naye anakuja, na bibi harusi asivue kitenge.